Sahani Chini ya Kawa

Sogeeni jamani, mwenye masikio ayatege, mwenye usingizi akalale kwao!

Palikuwa na Kombo, mwanamume asiyejua kushiba, na mkewe Shuwea. Kila jioni Shuwea akipakua chakula, alitenga sahani moja akaifunika kwa kawa.

"Unamwekea nani?" Kombo alinuna.

"Mgeni atakayekuja."

Kombo akainyemelea sahani, Shuwea akakohoa. Akainyemelea tena, Shuwea akakohoa. Mara ya tatu Shuwea alikuwa kisimani. Kombo akafunua kawa, mate yakamjaa kinywani.

"Hodi! Hodi! Hodi!"

Lo! Mlangoni limesimama zimwi, meno kama majembe. "Nina njaa! Leo namla mwenye nyumba!"

Kombo akaisukuma sahani mbele. "Ka... karibu chakula. Hiki umewekewa wewe."

"Nimewekewa? Mimi?"

"Wewe. Mke wangu hukuwekea kila siku."

Zimwi likakaa kitako mkekani, likala taratibu, likalamba vidole. Machozi yakalitoka. "Kila nyumba hunifungia mlango. Nitawalaje watu walionikumbuka kabla hawajaniona?" Likashukuru, likaaga, likaenda zake.

Shuwea alirudi na mtungi kichwani, akamkuta mumewe akicheka na kulia kwa pamoja.

Tangu siku ile, Kombo ndiye aliyefunika sahani. "Ongeza wali, mke wangu," alinong'ona akichungulia mlangoni. "Yule mgeni wetu ana kinywa kikubwa."

Ngano yangu imeshiba. Nipeni maji ninawe.