Vikuku Chini ya Pazia

Wamesimulia waliotutangulia, Mola awarehemu, kwamba katika mji mmoja wa pwani, enzi za Mwingereza, watu wakiwa hawajaijua benki, aliishi mcha Mungu aliyeitwa Bi Zuwena binti Makame. Mumewe, Mzee Sheha, alifariki ghafla. Makaburini ndugu wa marehemu, Mwinyikai, aliuliza mbele ya wazikaji kama ilivyo ada: "Nani anamdai marehemu?" Hakujitokeza mdai.

Haukupita mwezi, akaja Bwana Ghanim mwenye duka, ametoka safari. Kwa haya nyingi akasema kuwa marehemu alikopa kwake magunia ya mchele, wakapeana mikono tu.

"Karatasi ya serikali iko wapi?" Mwinyikai alimkata kauli. Maana sheria ya wakati ule ilikuwa hivyo: mwenyeji akikopeshwa bila karatasi yenye muhuri wa bwana wilaya, mkopeshaji hana pa kushtaki. "Hakuna karatasi, hakuna deni. Nenda zako!"

Bi Zuwena alikuwa amekaa eda, nyuma ya pazia, akiyasikia yote. Mchele ule aliupika kwa mikono yake. Moyo ulimwaka.

"Deni lipo," alisema kwa sauti iliyofika barazani.

"Shemeji, nyamaza! Mjane haingilii maneno ya wanaume."

"Sinyamazi. Mwingereza amemfutia ndugu yako deni. Je, atashuka naye kaburini?"

"Ukilipa, usinitazamie kwa chakula!"

"Aliyekulisha wewe ndiye atakayenilisha mimi."

Hofu alikuwa nayo, tusidanganyane. Watoto walikuwa wadogo, na mali yake yote ilikuwa vikuku viwili vya fedha vya mahari, alivyovivua alipoingia eda. Akavisukuma chini ya pazia. Bwana Ghanim akavipima mkononi, akachukua kimoja, akarudisha cha pili.

"Simdai tena marehemu," alisema, na machozi yakimlenga.

Ramadhani ilipokaribia, Mwinyikai alikwenda dukani kukopa mchele. Bwana Ghanim akamwuliza kwa upole: "Karatasi ya serikali iko wapi?" Pembeni yake Bi Zuwena, eda imekwisha, alikuwa akipimiwa mchele wake kwa mkopo, kwa neno lake tu.

Ndugu zangu, hakimu anaweza kumwachilia mdaiwa akaenda zake akicheka. Siku ya Hesabu hataulizwa mdai karatasi, ataulizwa aliyekula mchele.