Mwenye Kilima cha Upepo

Mtu mmoja alikuwa na kilima chenye upepo. Aliitwa Ntandu. Kilima kile aliachiwa na mama yake, yeye pamoja na dada yake mdogo, Anzelina, kila mmoja na upande wake. Ntandu alipata mgongo wa juu, penye mwamba mpana uliolala kama sakafu. Anzelina alipata mteremko wa chini, unaotazama barabara. Kote kuwili hakukuota kitu cha maana. Mtama uliopandwa pale ulilazwa na upepo kabla haujakomaa, na aliyejaribu kujenga aliokota mabati yake bondeni. Ndiyo maana katika ukoo mzima hakutokea mtu wa kukigombania.

Lakini kwa Ntandu hapakuwa na mahali pengine duniani kama mwamba ule. Alipokuwa mtoto, kila baada ya mavuno, wanawake wa kijiji walipanda huko na uwele wao uliokwisha kupurwa kwa magongo, wakaupepeta. Mama yake alisimama ukingoni kabisa. Aligeuza shavu kwanza, akasikiliza upepo unatoka wapi, kisha akainua ungo juu ya kichwa na kuumwaga uwele polepole. Upepo ulichukua makapi ukayapeleka bondeni kama moshi, na punje zikamwangukia miguuni. Ntandu aliweza kukaa peke yake, mtu mzima mwenye mvi, akaisikia tena ile sauti ya punje zikigonga mwamba. Aliikumbuka harufu ya vumbi. Aliwakumbuka wanawake wakichekana kwa kuwa nyusi za kila mmoja zimegeuka nyeupe, na khanga zao zikipigapiga mpaka maneno hayasikiki. Siku zile zilipita. Mashine ya kupura na kupepeta ilikuja, njia ya kupandia mwambani ikaota nyasi, na mama naye akafariki. Ntandu peke yake ndiye aliyeendelea kupanda. Kila majira ya upepo yalipoanza aliufagia mwamba wote, akakaa amefumba macho, akashuka.

Ikatokea kwamba watu wa kampuni ya umeme wa upepo walifika kijijini. Walisimamisha mlingoti wa kupimia upepo, wakangoja mwaka ukapita, kisha wakaitisha mkutano. Walisema kilima hiki ambacho watu walikiona mkosi kina upepo ambao ungeweza kuwasha taa hata za miji ya mbali. Mwenye ardhi angeweza kuwapa sehemu ya kusimamisha mitambo, naye akapewa hisa, awe mmoja wa wenye kampuni. Hata asiye na ardhi angeweza kununua hisa kwa alichonacho. Ila walisema wazi kwamba faida haitakuja upesi, na kwamba mwenye haraka asiingie.

Anzelina alitoa mteremko wake. Tena aliuza ng'ombe alioachiwa na marehemu mumewe, akanunua hisa zaidi. Ntandu alikataa. Hakukataa kwa ukorofi. Aliwakaribisha wale watu nyumbani, akawapa maziwa, akawaeleza kwa upole kwamba mahali pale ni pa mama yake na hapatachimbwa.

Miaka iliyofuata ilikuwa mizito kwa Anzelina. Minara ya mitambo ilisimama, mapanga yake makubwa yakazunguka kidogo, kisha mmoja ukakwama, na mafundi wakachelewa kwa sababu kifaa kilitoka ng'ambo. Gawio la faida halikuja. Kijijini walisema mwanamke yule amebadilisha ng'ombe kwa hewa, na walipokutana naye kisimani walimuuliza hewa yake imezaa ndama wangapi. Nyumba yake ilivuja. Ntandu hakumcheka hata siku moja. Alimpelekea mahindi ya shamba lake la bondeni, akampandia paa na kuziba palipozibika. Siku moja dada yake alimwambia kwamba anaogopa, kwamba huenda amewaponza wanawe. Ntandu akagundua kwamba alikuwa amengoja muda mrefu kuyasikia maneno yale. Akajionea haya, akaongeza debe la mahindi.

Kisha mambo yakageuka, bila kishindo. Mtambo uliokwama ulipona. Nyaya zilifika kwenye zahanati, zikafika kwenye kinu cha kukamulia alizeti, zikavuka kijiji na kwenda mbali. Kampuni ikawa inakua kama mtoto anayekula vizuri: mwaka huu minara michache, mwaka ule mingine. Gawio la kwanza lilikuwa dogo hata Anzelina akadhani wamekosea. La pili lilitosha paa. Lililofuata hakulila; alilirudisha kwenye hisa.

Wakati huo ndipo watu wa kampuni walipomrudia Ntandu. Walimweleza kwamba upepo ulio bora kuliko wote unapita juu ya mwamba wake. Aliwapa maziwa, akakataa. Wakaja tena baada ya muda, wakiwa na mzee wa kanisa, akakataa tena. Hawakuja tena. Walivuka bonde wakaenda kilima cha pili, cha watu wengine, wakakata barabara huko na kusimamisha minara huko. Ntandu akiwa amekaa mwambani aliiona yote, mirefu na myeupe, ikizunguka bila haraka. Mwanzoni alikasirika. Baadaye alizoea, na baada ya kuzoea akapatwa na upweke ambao hakuujua umetoka wapi.

Mwaka mmoja, mavuno yalipoisha, alimwomba dada yake wapande mwambani na uwele kidogo, wapepete kama zamani, mara moja tu. Anzelina alikuwa amekwisha kuzeeka, na magoti yalimsumbua, lakini hakumnyima. Walipanda wakipumzika kila penye jiwe la kukalia. Alasiri ile upepo ulikuwa umekolea. Anzelina alisimama ukingoni, akainua ungo, makapi yakaruka, punje zikagonga mwamba. Ntandu machozi yalimtoka. Alimwambia kwamba ni vilevile, hakuna kilichobadilika, na kwamba yeye miaka yote hii amekilinda kitu hiki kisipotee.

Anzelina aliuweka ungo chini. Alisugua bega lake, akakohoa vumbi, kisha akasema taratibu:

"Kaka, mama hakuulinda upepo huu. Aliufanyisha kazi. Angeukalia tu kuusikiliza, tungelala na njaa."

Ntandu alimwangalia dada yake akisugua lile bega, na mambo ambayo hakuwa ameyakumbuka kwa miaka yakaanza kumjia. Alikumbuka mikono ya mama ilivyovimba jioni, asiweze kushika mwiko. Alikumbuka kikohozi chake cha majira ya upepo. Alikumbuka kwamba mama hakuwahi kukaa pale mwambani kutazama bonde. Alipanda kwa haraka, akapepeta kwa haraka, na upepo ukitulia aliulaumu kama mtu anayemlaumu mfanyakazi mvivu. Tena alikumbuka jambo moja ambalo lilimfanya ainamishe kichwa. Mashine ya kupura ilipofika kijiji cha jirani, wengine walipokuwa bado wanaiogopa kwamba itaharibu nafaka, mama yake ndiye aliyekuwa wa kwanza kujitwika uwele wake na kwenda. Alirudi akicheka njia nzima. Na Ntandu, mtoto wakati ule, alilia kwa sababu hawatapanda tena mwambani.

Walimaliza uwele uliobaki, wakashuka.

Siku chache baadaye Ntandu alivaa koti lake la kanisani, akaenda kwenye ofisi ya kampuni. Walimpokea kwa heshima, wakamkalisha, wakamsikiliza mpaka mwisho. Kisha wakamwambia ukweli, kwamba nyaya kubwa na barabara vimekwisha kupita upande wa kilima cha pili, na kwamba kurudi kwake kungekuwa gharama isiyo na sababu. Pengine siku nyingine, walisema, nao walisema kama watu wanaojua kwamba siku hiyo haipo karibu. Hisa bado zilikuwa zinauzwa. Zilikuwa zimepanda sana tangu siku ile ya mkutano.

Ntandu alirudi nyumbani akauza ng'ombe, akanunua alizoweza. Hazikuwa nyingi. Watu walishangaa kumwona mzee wa umri ule akiweka mali mahali ambapo hatakula matunda yake, lakini Anzelina hakushangaa. Alimsindikiza hadi ofisini, akamngojea nje. Na ikawa kweli kwamba hakula sana. Aliishi hadi kupokea gawio moja dogo, akamnunulia dada yake dawa ya magoti. Mengine yaliwafikia watoto wa Ntandu mwenyewe.

Katika siku zake za mwisho hakuacha kupanda mwambani, ila sasa hakufumba macho kama zamani. Aliuhisi upepo ukianzia mgongoni kwake, ukimpita juu ya mabega, ukavuka bonde. Kisha aliona mapanga ya minara yakianza kuzunguka kule ng'ambo, juu ya kilima cha watu wengine, kwa upepo uliopita kwake kwanza. Alisema jambo moja tu juu ya hilo, nalo alimwambia Anzelina: kwamba angetamani mama ayaone.

Basi wewe uliyeachiwa kilima na waliokutangulia, unaikumbuka mikono yao, au unaukumbuka upepo tu?