Shamba la Kifuani

Hapo zamani, na zamani yenyewe si ile ya sungura kuvaa kanzu, ni hii ya juzijuzi ambayo nguo zake bado ziko kambani hazijakauka, palikuwa na kijiji cha Nyamatope kando ya mto Lukundi. Kaeni vizuri. Mwenye kukohoa akohoe sasa.

Kila mwaka mto ulifurika. Ulipanda, ukaingia mashambani, ukakaa kama mgeni asiyejua kuaga, kisha ukarudi zake ukaacha tope jeusi, laini kama uji wa mzazi. Juu ya tope hilo watu walipanda mpunga, na mpunga ukaota bila kubembelezwa. Kambare walibaki kwenye madimbwi wakipigapiga mikia. Nyamatope hata mvivu alinenepa.

Halafu huko juu, milimani, wakubwa wakajenga bwawa. Ukuta mnene, mrefu, mto ukafungiwa nyuma yake kama mbuzi. Umeme ukazaliwa, ukaja kwa nguzo, ukapita juu ya Nyamatope ukielekea mjini. Ulipita kama kijana anayepita mlangoni kwa mchumba aliyemwacha: hata shingo haukugeuza. Watu wakabaki chini na vibatari vyao, wanatazama waya.

Na mto ukabadilika tabia. Haukufurika tena. Tope lake lote lilinaswa kule bwawani, maji yaliyofika Nyamatope yakawa meupe, membamba, na yana njaa. Mto uliozoea kuleta udongo ukaanza kula udongo. Ukala kingo. Ukala migomba. Ukala choo cha mwalimu wa madrasa, bahati nzuri mwenyewe alikuwa ametoka. Kisha ukala shamba la Siwema.

Siwema alikuwa mjane, na ulimi wake ulikuwa mkali kuliko jembe lake. Asubuhi moja alikuta nusu ya shamba haipo. Baada ya siku chache akakuta na nusu ya pili haipo, na dungu lake, kile kibanda cha juu ya miti alichokuwa akilalia kulinda mpunga, linaelea kuelekea baharini.

"Nenda salama," akaliambia. "Ukifika, nisalimie papa."

Mwanawe Hamdani, aliyehamia juu mchangani, akaja kumchukua. "Mama, twende ukakae na sisi. Zuhura amekuandalia chumba."

"Zuhura mkeo anachuja uji," Siwema akasema. "Sikuishi mpaka leo nije nizeekee kwenye uji uliochujwa. Nitapata shamba."

"Wapi, mama? Mto umekula yote."

"Mto wa nani?" Siwema akauliza.

Hakungoja jibu; akaingia ndani akaanza kuosha sahani, jambo lililomtisha Hamdani.

Sasa jueni desturi ya Nyamatope. Mbuzi wa mtu wakila shamba lako, hupigani naye wala humshtaki. Unabeba sahani yako, unahamia jikoni kwake. Anakulisha asubuhi, anakulisha jioni, mpaka msimu mwingine uvune. Ndiyo maana mbuzi wa Nyamatope walifungwa vizuri kuliko watoto.

Siwema akachukua sahani yake ya bati, akadandia lori la mbao, akapanda mpaka bwawani. Mlinzi akamsimamisha getini.

"Bibi, unamtaka nani?"

"Mto huu wa nani?"

"Wa hapa, bibi. Unatoka hapa."

"Nani anaufungua na kuufunga?"

"Mkubwa wetu, Bwana Ndomba."

"Basi mto wa Bwana Ndomba umenilia shamba, nimekuja kula. Jiko liko wapi?"

Mlinzi akacheka. Akamwambia arudi nyumbani. Siwema akaketi getini na sahani yake, akaanza kumsimulia kila dereva aliyeingia na kila aliyetoka jinsi Bwana Ndomba asivyofunga mifugo yake. Jioni Bwana Ndomba mwenyewe akasema, "Mleteni ale, labda atanyamaza."

Alikula. Hakunyamaza. Asubuhi akarudi: "Shamba langu limeliwa, nimekuja kula." Mchana akarudi: "Shamba langu limeliwa, nimekuja kula." Akakaa meza moja na wahandisi, akawaambia wali wao mbichi, mchuzi wao hauna adabu, na yule mwenye miwani aoe haraka, maana anakula kama mtu aliyekata tamaa. Wakampenda, wakamchoka, wakampenda tena. Bwana Ndomba peke yake ndiye aliyemchoka moja kwa moja.

"Bibi," akasema siku moja, "nikiufungua mto ukashuka kwenu kama zamani, utaondoka?"

"Nitaondoka siku hiyohiyo."

Bwana Ndomba akatazama bwawa lake. Mvua zilikuwa nyingi mwaka ule, maji yamefika shingoni. "Lakini kawaambie watu wako kwanza," akasema. "Ondoka leo. Nafungua keshokutwa, Ijumaa. Wenye vitu bondeni wavitoe. Gari liko tayari."

"Naondoka," Siwema akasema. Akafunga mzigo wake. Akapita jikoni kuaga. Na jikoni akasikia kwamba Ijumaa wanapika pilau.

Msiniangalie hivyo. Ninyi mngepita?

Tumwache Siwema kwenye harufu ya iliki, tushuke kijijini.

Nyamatope palikuwa na mzee aitwaye Ungando, shemeji yake Siwema. Zamani maji yalipanda kutoka mtoni hadi mashambani kwa mfereji mmoja, na kila nyumba ilitoa mtu wa kuuzibua. Mafuriko yalipokoma watu wakaacha. Ungando hakuacha. Kila kiangazi alishuka na jembe, akatoa mchanga, akakata magugu. Na mto ulipokula mdomo wa mfereji, akachimba mdomo mwingine katikati ya shamba lake mwenyewe, akabaki hana pa kupanda hata bamia. Watu wakamcheka mpaka wakachoka.

"Unamchimbia nani, Mzee Ungando?"

"Maji."

"Maji yako wapi?"

"Yamesafiri. Mtu akisafiri unabomoa nyumba yake?"

Na palikuwa na kijana aitwaye Mketo, mjukuu wa dada yake Siwema. Bwawa halikumkera hata kidogo. Mto uliponywea ukaacha mchanga wenye unyevu, akapanda matikiti pale pale kwenye mdomo wa mfereji wa Ungando. Akajenga na tuta la udongo mbele yake ili mto usimguse. Ungando alimruhusu, kwa ahadi ya tikiti kila Ijumaa. Mwaka ule matikiti yalikuwa makubwa kama matumbo ya wajawazito, na Mketo alikwisha kumwambia baba yake Saada, binti aliyempenda, kwamba yakiuzwa tu, anaoa. Shamba lingine hakuwa nalo.

Ijumaa ikafika. Wanaume wako msikitini, wanawake wako majikoni, na Siwema mnajua yuko wapi. Mketo yuko kwenye matikiti yake, akasikia mngurumo. Akainua kichwa. Mto unakuja, mwekundu, umebeba magogo, umebeba tope, kama mtu aliyehama na vyombo vyote.

Maji yakafika kwenye tuta. Yakaligonga. Tuta likakataa. Yakageuka, yakaanza kupita zake kwenda baharini. Kule juu ya mfereji Ungando akatokea anakimbia, kofia mkononi.

"Mketo! Vunja tuta!"

"Matikiti yangu, babu!"

"Vunja, maji yanapita!"

Mketo akayatazama matikiti. Akamwona Saada ndani ya kila tikiti. Kisha, Mungu ndiye ajuaye kilichompitia kichwani, akashika jembe akavunja tuta kwa mikono yake mwenyewe. Maji yakaingia. Yakamkumba mpaka kiunoni, yakang'oa matikiti, yakakimbia kwenye mfereji wa Ungando, safi, hauna hata jani, yakatandaa mashambani kote. Watu walipotoka msikitini walikuta matikiti yanaogelea mbele ya nyumba zao. Wakapandisha kanzu, wakayafukuza. Siku hiyo Nyamatope wote walikula tikiti wakacheka, isipokuwa mmoja.

Kesho yake gari la bwawani likamshusha Siwema. Akashuka anapiga kelele: "Jamani! Toeni vitu bondeni! Mto unakuja!"

Akakuta bata wanaogelea uani kwake.

Mketo akamsogelea, nguo zake bado na tope. "Bibi, ulikuwa wapi?"

"Njiani, mume wangu."

"Njia ya siku hizi inapika pilau?"

Siwema akatazama kanga yake. Punje zilikuwa tatu, na mdalasini.

Sasa lisikieni shauri lenyewe. Nyamatope kuna kipande cha ardhi kinaitwa Kifuani, pale tope linapotua kwanza na kwa unene. Hakina mwenyewe. Kila mwaka wa mafuriko hupewa mtu mmoja, yule ambaye kijiji kinamshukuru kwa maji kufika, naye analima msimu ule, na mto usipofurika tena, kinabaki chake. Hakigawanywi. Mwaka mmoja waliwapa watu wawili, kila mmoja akadhani mwenzake ndiye anayelinda, nguruwe wakavuna.

Maji yalipokwisha kushuka, Bi Njechele, mgawa mashamba, akasimama pembeni ya Kifuani, akavuta ugoro, akasema, "Anayelitaka aseme."

Siwema akasema, "Bila mimi maji yangekuwa wapi? Yangekuwa nyuma ya ukuta. Nimekula wali mbichi kwa ajili yenu. Nimetukana watu wenye digrii. Mto ulikula langu, langu lote, na nikikosa hapa naenda kwenye uji wa Zuhura."

Ungando akasema, "Shemeji, bwawa lilikuwa limejaa, wangefungua hata kama ungekuwa umelala. Bila mimi maji yangekuwa wapi? Yangepita mbele yenu kwenda baharini nanyi mnayapungia mkono. Nimechimba mkinicheka. Nimechimba shamba langu likawa mfereji. Maji yamepita juu ya mgongo wangu."

Mketo akasema, "Babu, mfereji wako ulizibwa na tuta, na wewe ndiye uliyeruhusu tuta, ukala matikiti yangu. Bila mimi maji yangekuwa wapi? Nimewavunjia harusi yangu mkaila na mbegu mkatema. Na bibi angeshuka siku aliyoambiwa, kama dereva alivyotueleza, ningevuna kwanza, na Saada angekuwa ndani."

"Tuta ulijenga wewe," Ungando akasema. "Umefungua ulichofunga mwenyewe, unataka zawadi?"

"Na ninyi wawili mngefungua nini," Siwema akasema, "kama mimi nisingekwenda?"

"Uliyekwenda, ukarudi na iliki badala ya habari!" Mketo akasema, na watu wakacheka mpaka Bi Njechele akapaliwa na ugoro.

Siwema hakucheka. Alimtazama kijana yule, mchumba wake wa utani. Lakini hakurudi nyuma. Alisimama na jembe lake, mguu mmoja tayari ndani ya tope. Ungando naye mguu mmoja ndani. Mketo naye mguu mmoja ndani. Hakuna aliyeutoa.

Bi Njechele ameshika kikapu cha mbegu. Jua limepanda, na pembeni ya Kifuani tope limeanza kupasuka nyufa ndogondogo. Likikauka, mbegu haziingii. Bi Njechele amewageukia watu, na watu wamenigeukia mimi, na mimi nina uji jikoni, usiochujwa, unaungua.

Kwa hiyo semeni ninyi, na msemee moyoni mwenu, si mdomoni mwa jirani: aliyebembeleza ukuta, aliyeitunza njia, au aliyetoa matikiti yake? Kikapu kile, Bi Njechele amkabidhi nani?