Injini Iliyolala

Usiipimie nafasi injini iliyolala. Mmecheka, vijana, mkaniuliza wahenga walizijulia wapi injini. Hawakuzijua. Methali hii ilizaliwa gereji, hapa hapa Same, nami nilikuwepo. Ilianza hivi.

Babu Mbwambo alikuwa na gari la Kimarekani la zamani, milango miwili, boneti ndefu ya kutosha kuanikia mahindi. Injini yake ilikufa na vipuri havikupatikana. Miguu ya babu nayo ikaisha nguvu. Akabaki na ombi moja kwa Mungu: ampeleke mjukuu wake Nakundwa kanisani, siku ya harusi, ndani ya gari lile.

Mwanawe Eliamini, baba wa Nakundwa, akanunua injini kubwa zaidi, ya silinda nane, akampa kazi shemeji yake, fundi Sefania. Ila akaweka sharti: gari lisiwashwe kabla mwinjilisti hajaliombea. Sala ni njema, wanangu, lakini mwinjilisti angeweza kuitwa siku ya kwanza. Hawakumwita! Sefania akaiteremsha injini kimya kimya, akaisogeza nyuma, akaisogeza mbele, akapitisha kidole kupima nafasi kati ya bomba la moshi na mhimili wa usukani. Kidole kikapita. Akalichomelea bomba hapo hapo.

Ijumaa, kesho yake ikiwa harusi, tukafumba macho, tukaombea gari, tukasema amina. Eliamini akawasha. Injini ikanguruma vizuri. Akakanyaga mafuta. Injini ikajitupa upande, bomba likaubana mhimili, usukani ukakwama.

"Shemeji! Si ulisema inaenea?"

"Inaenea!" Sefania akafoka. "Kidole kilipita!"

"Kidole! Kesho bibi harusi atapanda kidole?"

"Wewe ndiye uliyenikataza kuiwasha. Injini ikivuta inajipinda, kila fundi anajua."

"Na wewe fundi ulijua, ukanyamaza?"

Mwinjilisti mwenyewe akachoka nao. "Ndugu zangu, Mungu amekwisha kusikia. Sasa kateni chuma."

Wakalikata bomba. Eliamini akakanyaga mafuta, Sefania akatazama injini inajipinda hadi wapi, kisha akachomelea bomba jipya, ngumi nzima ikapita kati.

Asubuhi babu akapandishwa kiti cha nyuma, kando ya Nakundwa. Habari zote zilikwisha kumfikia.

"Mke wangu," akamtania mjukuu wake, "huyu kijana anayeninyang'anya wewe, umewahi kumwona amekasirika?"

"Ndiyo, babu. Siku ya mahari wajomba walipomzungusha, alitoka akabamiza mlango."

"Ukafanyaje?"

"Nikamwacha apoe. Akarudi mwenyewe, akawaomba radhi."

"Basi umempima akinguruma." Babu akamgusa begani Eliamini, aliyeshika usukani. "Washa, twende."

Na ninyi mnaochagua wachumba kwa tabasamu za mazoezi ya kwaya, ninawaombea kila siku, lakini masikio mnayo: usiipimie nafasi injini iliyolala.