Kitambaa cha Buluu cha Mselem Pazi

Kitambaa hakikazi nati. Neno hili lina kwao, nami nitawapeleka huko, ila msitarajie kucheka njiani.

Jana niliwaona mkitazamana, nyinyi vijana mliokuwa mkipaka chokaa mawe ya njia ya zahanati kwa sababu mgeni mkubwa anakuja. Bi Mwantumu wa dirisha la dawa alipita, akayatazama mawe yenu meupe, akalisema neno hilo na kuingia zake ndani. Mkacheka. Mmoja wenu akaniuliza, zahanati na nati wapi na wapi? Haya, ketini. Chokaa haikimbii.

Palikuwa na mtu Dar es Salaam aitwaye Mselem Pazi, mwenye duka la magari mapya katika Barabara ya Pugu. Alianza maisha akiwa fundi, mikono yake imejaa grisi, akapanda polepole mpaka akawa bosi wa mafundi. Mkewe alikwisha kutangulia mbele ya haki, akamwachia binti mmoja tu, Mwajabu. Mselem alimpenda mtoto yule kupita kiasi. Nasema kupita kiasi kwa sababu kiasi ndicho kilichomshinda.

Sasa lazima mjue kwamba gari jipya likishuka melini haliwi tayari kwa kuendeshwa, hata kama linang'aa. Kwa ajili ya safari ya baharini hujazwa upepo mwingi kwenye matairi, na springi zake hubanwa kwa vipande vya mpira ili lisiyumbe. Likifika dukani sharti fundi avitoe vile vipande, apunguze upepo, apime breki, na mwisho azikaze nati za magurudumu kwa ile spana inayolia "tak" nati ikifika kipimo chake. Ndipo mwenyewe akabidhiwe.

Pale kwa Mselem kazi hiyo ilikuwa ya mtu mmoja, Fundi Shemdoe, Msambaa wa Lushoto, mtu wa maneno machache. Na palikuwa na desturi ambayo Mselem mwenyewe aliianzisha siku za mwanzo, naye akijivunia kuisimulia kwa kila mteja. Shemdoe akimaliza kukagua gari, alilifuta kwa kitambaa cha buluu, kisha akakifunga kitambaa kile kwenye kioo cha pembeni. Gari lisilo na kitambaa, mlinzi halifungulii geti, hata anayelidai awe nani. Mteja akija, hukifungua kwa mkono wake na kwenda nacho nyumbani. Watu walikiamini kitambaa kile kuliko karatasi yoyote.

Mwajabu akaposwa. Mchumba alikuwa Idrisa, kijana wa ukoo wa wafanyabiashara wa Upanga, watu ambao wakikukaribisha chai unajiuliza kama viatu vyako vinafaa kukanyaga zulia lao. Mselem alihisi wanamwona fundi aliyevaa koti. Siku ya kupeleka barua ya posa, mjomba mmoja wa Idrisa alimshika mkono akamtazama kucha, na Mselem hakulisahau lile jicho. Akasema mbele ya wote, "Mwanangu atatoka kwangu na gari ambalo mji huu haujaliona."

Maneno yakishatoka hayarudi. Akaagiza gari la mbio, jekundu, la milango miwili, lililokaa chini mpaka ukitaka kuingia lazima uiname kama unayeingia kibandani. Meli ikachelewa. Gari likatoka bandarini Alhamisi, na harusi ilikuwa Jumamosi.

Idrisa alitaka rimu za kung'aa zaidi. Ijumaa asubuhi kijana mmoja fundi, Chande, akazitoa rimu za kiwandani na kuvalisha mpya. Nati akazirudisha kwa mkono na kuzibana kidogo tu, kama desturi ilivyotaka, kwa kuwa wa mwisho kuzikaza ni Shemdoe na spana yake. Chande alikuwa kijana mwema, mtoto wa mjane, anaimba akiwa chini ya gari. Alipomaliza alinawa mikono akaendelea na gari jingine.

Saa nne simu ya Shemdoe ikalia. Mama yake amefariki Lushoto. Alikuja kwa Mselem na macho mekundu, mkoba begani.

"Pole sana, fundi," Mselem alisema. "Nenda kamzike mama."

"Nimepoa, mzee. Ila lile jekundu sijaligusa. Lisitoke mpaka nirudi."

"Nimekuelewa."

Na kweli alimwelewa. Hilo ndilo linalouma. Mselem alikuwa fundi kabla ya Shemdoe kuishika spana, na ile kazi angeweza kuifanya mwenyewe kwa kuvua koti. Angeweza pia kumwita Chande, aliyekuwa pale pale kivulini akila chapati, akamwambia, "Mwanangu, kaza nati zile, fundi kafiwa." Lakini wakwe walikuwa wamekwisha kupiga simu kwamba wanakuja kuliona gari, na Mselem hakutaka wamkute kwenye ovaroli. Hakutaka pia wafanyakazi wamwone akiivunja desturi yake mwenyewe. Akajiambia kwamba gari limetoka kiwandani juzi, lina ubaya gani? Mtu akitaka kujidanganya hakosi hoja.

Alasiri Mwajabu alifika dukani kupiga picha na gari lake, hina mikononi imeiva. Alimkuta baba yake peke yake chumbani mwa magari mapya. Akamwona anafungua droo ya Shemdoe, anatoa kitambaa cha buluu, analifuta gari polepole kuanzia boneti mpaka nyuma, kisha anakifunga kitambaa kwenye kioo.

"Baba, leo wewe ndiye Fundi Shemdoe?" alimtania.

Mselem alishtuka, halafu akacheka. "Kwa mwanangu mimi ndiye kila kitu."

Mwajabu alifurahi. Aliona ni mapenzi, na mapenzi yalikuwamo kweli.

Jumamosi asubuhi wafanyakazi walikuja kulipamba gari kwa maua na riboni. Chande aliyatazama magurudumu, akakitazama kitambaa, akamfuata bosi wake.

"Shikamoo, mzee. Samahani. Fundi aliondoka mapema jana. Aliwahi kulimaliza hili?"

Mselem alikuwa amevaa kanzu mpya na joho, na mjomba wa Idrisa alikuwa amesimama karibu yake.

"Chande, huoni kitambaa?"

"Nakiona, mzee."

"Sasa unauliza nini?"

"Nilitaka nihakikishe tu nati, maana mimi nilizifunga kwa..."

"Kijana, wageni wanatusubiri! Sogea, usichafue gari."

Chande akasogea. Nani angebishana na kitambaa, tena mbele ya wakwe? Mlinzi akafungua geti.

Harusi ikafana. Vigelegele, tarumbeta, Mselem akamkabidhi mkwewe ufunguo mbele ya watu, na Mwajabu akakifungua kitambaa cha buluu kwenye kioo na kukitia mkobani. Mjomba wa Idrisa alimshika Mselem mkono tena, na safari hii hakutazama kucha. Nasikia Mselem alilia kwa furaha. Furaha ile ilidumu mpaka alasiri.

Maharusi walishika njia ya Bagamoyo. Walipoipita Bunju, usukani ukaanza kutetemeka.

"Idrisa, gari linatikisika," Mwajabu alisema.

"Magari ya mbio ndivyo yalivyo, mke wangu. Hujazoea."

Akakanyaga mafuta. Gurudumu la mbele kushoto likachomoka, likatangulia peke yake barabarani, na gari likaingia kwenye kalavati kwa upande wa kushoto, upande aliokaa Mwajabu. Idrisa alivunjika mkono. Mwajabu hakuisikia tena miguu yake, siku ile wala siku yoyote.

Shemdoe alirudi toka msibani na kukuta polisi dukani. Akasema ukweli wake, kwamba yeye gari hakuligusa na kitambaa hakukifunga. Askari akageuka na kumtazama Mselem.

"Sasa kile kitambaa kilifungwa na nani?"

Wafanyakazi wote walikuwa wamesimama pale. Mselem alifungua kinywa, akawaona wakwe zake mlangoni.

"Aliyefunga magurudumu ni Chande," alisema. "Muulizeni yeye."

Tazameni alivyosema. Hakutamka uongo hata mmoja, akamzamisha mtoto wa watu kwa kweli tupu. Chande aliapa kwa jina la Mungu na kwa jina la mama yake. Hakuwahi kusema, "Mzee, mimi nilikuuliza." Alimtazama tu Mselem, akingoja mkubwa aseme mwenyewe. Mkubwa hakusema. Chande akalala mahabusu, na alipotolewa kwa kukosekana ushahidi hapakuwa na gereji iliyomtaka. Mtaani walisema, "Yule ndiye aliyekata miguu ya bibi harusi." Akauaga mji. Shemdoe naye aliiweka spana yake mezani kwa Mselem, akatoka bila kuaga.

Idrisa mwanzoni alikuja kila siku na matunda. Baadaye akawa anayatuma. Mwishowe ikaja talaka, nayo aliituma.

Mselem akabaki na binti yake na kiti cha magurudumu. Kila asubuhi, kabla ya kwenda dukani, alipiga magoti uani na kukifuta kiti kile chuma kwa chuma, mpaka majirani wakawa wanasema, baba yule, hakuna mfano wake. Mwajabu alikaa akimtazama. Alipokuwa amelazwa hospitalini alisikia habari za Chande, na tangu siku hiyo alikuwa anangoja. Alijiambia, leo baba atasema. Asipopenda kuniambia mimi, atawaambia polisi. Akangoja mpaka kungoja kukageuka chuki, naye aliichukia chuki ile kwa sababu baba alikuwa ni huyo huyo mmoja.

Asubuhi moja, Mselem akiwa amepiga magoti anafuta, mahali pa kuwekea mguu pakalegea. Mguu wa Mwajabu ukadondoka, ukaburuzika sakafuni. Hakuhisi maumivu, na ndiyo maana Mselem aliumia kwa niaba yake.

"Pole, mama. Pole mwanangu," alisema, akauinua mguu, akaurudisha, kisha akashika tena kitambaa na kuendelea kufuta palepale palipolegea.

Mwajabu akaingiza mkono chini ya mto aliokalia, akatoa kitambaa cha buluu kilichokunjwa, akakiweka kwenye goti la baba yake.

"Baba, kila siku unafuta. Leo mguu wangu umeanguka na bado unafuta. Kitambaa hakikazi nati."

Mselem alikitazama.

"Nilikuona ukikifunga," Mwajabu alisema. "Nilikutania, ukacheka. Nimekuwa nikikungoja wewe useme, na mtoto wa watu amepotea nikingoja. Nami nina dhambi hiyo."

Mselem alilia pale chini kama alivyolia siku ya harusi. Halafu akafanya nini? Mtu hajifunzi mara moja. Alinunua doti za kanga za thamani akaenda Mbagala kwa mama yake Chande, Bi Siwazuri, akaingia kwa mlango wa nyuma, akamweleza yote kwa sauti ya chini. Bi Siwazuri alimsikiliza akiwa amesimama. Kanga hakuzipokea.

"Mwanangu ulimchafua mbele ya askari, mbele ya wakwe zako, mbele ya mji," alisema. "Leo umekuja uani kunisafishia mimi. Mimi sikuwahi kumwona mchafu."

Mselem akarudi na kanga zake. Kesho yake akawaita dukani wafanyakazi wote, akawaita polisi na wakwe wa zamani. Akasema mwenyewe, akiwa amesimama, kwamba kitambaa alikifunga yeye, na kwamba Chande aliuliza juu ya nati akamfukuza. Wakati huo ilikuwa imekwisha kupita miaka. Akaulizwa ni lipi lililomfanya aseme leo, akayarudia maneno ya binti yake kama alivyoambiwa, na hapo ndipo wafanyakazi walipoyachukua na kuyatoa nje ya geti. Chande aliletewa habari huko Tunduru alikokuwa akichimba mawe ya vito. Alijibu kwamba amesikia. Hakurudi, na mama yake alizikwa bila yeye kuwepo.

Mwajabu yuko hai. Kiti chake hukikaza mwenyewe, ana spana ndogo kwenye mfuko wa pembeni, na baba yake haruhusiwi kukifuta.

Sasa, mlikuwa mnacheka nini? Mawe yenu yamependeza, sikatai, na mgeni atapiga picha. Lakini Bi Mwantumu atarudi dirishani pake kesho, atasimama mama mwenye mtoto anayewaka homa, na rafu ya dawa nyuma yake haina hata kidonge. Chukueni ndoo zenu mmalizie, kwani mmeshatumwa. Mgeni akifika, mmoja wenu mwenye ujasiri amwambie ukweli wa rafu ile mbele ya watu wote, asingoje kama alivyongoja Mwajabu. Kitambaa hakikazi nati.