Nyumba Iliyokaguliwa Barazani

Barazani mwamkie mtu, nyumba kaiulize uani. Maneno hayo kayasema shangazi yenu sasa hivi, mlipokuwa mkiisifu hiyo nyumba mnayotaka kupanga, dari lake la gipsam na taa zake za rangi. Alipowauliza choo chake kikoje, mkatazamana. Mmecheka, kisha mkaniuliza msemo huo umetoka wapi. Haya, sogeeni. Na aliye mlangoni aingie, nafasi ipo, nyumba hii haijapata kumkosesha mtu pa kukaa. Methali hii ilizaliwa hapa hapa Pangani, na mwanzo wake ni huu.

Alikuwapo mjane mmoja akiitwa Kidawa. Nyumba aliyoachiwa na marehemu mumewe ilikuwa kando ya mto, na mto ukawa unazila kingo kidogo kidogo. Leo unachukua mgomba, mwezi ujao banda la kuku, mpaka ukakaribia ukuta. Kidawa alikuwa akimtunza mama yake mzee, asiyeona vizuri, pamoja na watoto wake mwenyewe na watoto wa marehemu dada yake. Akaona hapana njia nyingine. Akauza shamba la minazi, mali pekee aliyokuwa nayo, ili anunue nyumba kabla ya masika. Basi muelewe hali yake: shamba limekwenda, nyumba ya mtoni inakwenda, na fedha aliyoifunga pembeni mwa kanga ni ya kununua mara moja tu. Akikosea, watu wote wale wangelala wapi?

Siku zile mwanamke hakwenda kutazama nyumba mwenyewe. Alimtuma mwanamume wa kwao, naye Kidawa alikuwa na kaka yake mkubwa, Mbaruku. Mbaruku alikuwa mtu wa watu, kanzu yake haina kunyanzi, hakosi kwenye posa wala kwenye maziko. Akaenda kuitazama nyumba ya Mzee Kitogo, aliyekuwa akihamia Tanga kwa mwanawe.

Na desturi yetu mnaijua. Mgeni mwanamume hukaa barazani. Akiheshimiwa sana huingizwa sebuleni. Mwisho wa sebule pana pazia, na nyuma ya pazia ni kwa wanawake: jiko, bafu, kamba za nguo, na maneno yote ya mtaa. Mwanamume wa nje akivuka pazia lile bila kukaribishwa, aibu yake itasimuliwa mpaka kwa wajukuu.

Mbaruku akarudi kwa dada yake anang'aa uso.

“Nyumba umepata, Kidawa. Nyumba ya watu wenye adabu zao.”

“Umeikagua, kaka?”

“Nimeikagua. Barazani saruji nyekundu, inateleza kama sahani. Chokaa mpya, nyeupe pe. Na kahawa yake, nakwambia, na kashata…”

“Na huko uani?”

“Uani kuna wake za watu! Niende kufanya nini huko?”

Kumwambia kaka yake kwamba hakuona kitu ilikuwa ni sawa na kumvua kanzu sokoni. Lakini usiku Kidawa hakupata usingizi mzuri, na nani angeupata?

Wakakubaliana kumaliza Ijumaa, baada ya sala. Wanaume wakaingia sebuleni: Mbaruku, Mzee Kitogo mwenyewe, na Shehe Mgaza, aliyekuwa shahidi. Kidawa naye akaja na sinia la vitumbua kwa ajili ya wageni, na kwa kuwa ni mwanamke, akapitia mlango wa nyuma.

“Hodi!”

“Karibu, mwenzangu,” akaitika mke wa Mzee Kitogo, Mama Zuwena. “Lakini pita huku, huko utateleza.”

Mama Zuwena huyu mimi nimemjua. Hakuwa na siri, hata bei ya chumvi aliyonunua utaambiwa. Haya yote ninayowasimulia niliyapata kwake. Kidawa akatua sinia, akataka kuegemea nguzo apumzike.

“Wee! Hiyo usiiegemee!”

“Ina nini?”

“Ina mchwa. Na ile pale ina mchwa. Hii ndiyo inayoshika paa, nayo sijui inashikwa na nini.”

Kidawa akaondoka pale kama aliyekanyaga kaa la moto. Akaanza kutazama. Chini ya nguzo, njia za mchwa zilikuwa zimepanda kama mishipa mkononi mwa mzee. Maji ya bafu hayakuwa na mfereji, yalikuwa yakijiendea yenyewe mpaka chini ya ukuta na kulala pale. Majivu na takataka za miaka zilikuwa zimelundikana hata uwanja ukawa juu kuliko sakafu ya ndani, kwa hiyo mvua ikinyesha, maji hayana pa kwenda ila chumbani. Na ukuta wa jiko ulikuwa umetunga tumbo.

“Huo nao?” akauliza.

“Huo una mimba,” akasema Mama Zuwena. “Mvua ikinyesha mimi sipiki humo ndani. Naogopa utanizalia kichwani.”

“Na Baba Zuwena anajua?”

“Namwambia kila mara. Hunijibu, ‘Nitatazama.’ Kisha hununua chokaa, akapaka barazani.”

Hapo wakasikia Shehe Mgaza anakohoa upande wa pili wa pazia. “Basi, kama mmeridhiana,” alisema, “tusome fatiha.”

Kidawa akalisogelea pazia. Fatiha ikishasomwa, hapa kwetu hapana kurudi nyuma. Hata mtu akiona amenunua shimo, atalala shimoni.

“Shehe, ngoja!”

Shehe akauliza, “Nani huyo?”

“Ni mimi, Kidawa. Naomba kabla ya fatiha mje mtazame huku uani.”

Mbaruku akainuka, akasimama karibu na pazia bila kulifungua. Sauti yake ilikuwa ndogo lakini inakata.

“Kidawa, unanivunjia heshima mbele za watu.”

“Sikuvunjii, kaka. Lakini masika yakija, nitamfunika mama kwa heshima yako?”

“Nimekwambia nimekagua!”

“Umekagua kahawa, kaka.”

Shehe Mgaza akacheka, hakuweza kujizuia. Ndipo Mama Zuwena akapaza sauti yake, ile ambayo ilikuwa ikisikika hata sokoni: “Piteni tu, jamani! Tumejifunika. Na mje polepole, msishike nguzo!”

Shehe akakusanya kanzu yake, akawa wa kwanza kuvuka pazia. Akaifikia nguzo, akaichoma kwa ncha ya bakora yake. Bakora ikazama kama kijiko kwenye uji. Alipoichomoa, unga ukamwagika chini.

Mzee Kitogo akaitazama ile nguzo, akautazama ukuta, akamgeukia mkewe.

“Mama Zuwena, huku kumekuwa hivi tangu lini?”

“Tangu nilipoanza kukuambia.”

“Mbona mimi sijapata kuona?”

“Utaonaje? Huku unakuja kuoga tu, na macho yamejaa sabuni.”

Wakacheka wote isipokuwa Mbaruku na Mzee Kitogo. Na kwa kweli Mzee Kitogo hakuwa tapeli. Alikuwa mwanamume kama wenziwe, anaijua nyumba yake kuanzia barazani mpaka kwenye pazia. Akasema kwa unyonge, “Basi nyumba hamuitaki tena.”

“Naitaka, mzee wangu,” akasema Kidawa. “Mwamba wa paa mzima, ukuta wa mbele mzima, na mtaa naupenda. Lakini nina watoto na mama mzee, nao hawatalala sebuleni. Naitaka nyumba yote, siitaki nusu ya wageni. Kutengenezwe huku nyuma kwanza, ndipo tusome fatiha.”

Shehe akasema hilo ni neno la haki, na Mzee Kitogo akakubali.

Sasa sikilizeni vizuri, maana mnakwenda kupanga. Watu wengi wangeanza kwa kuziba nyufa. Kidawa alikataa. Alisema ufa ni kilio tu, kwanza tafuta kinacholiza. Wakaanza na maji: wakachimba mfereji kutoka bafuni mpaka nje ya ua, wakaondoa lile lundo la majivu na udongo hata uwanja ukashuka chini ya sakafu na kuinamia nje. Kisha wakang'oa nguzo mbovu, wakachimbua kichuguu kilichokuwa chini yake, maana kubadili nguzo na kumwacha mchwa ni kumletea chakula kipya. Nguzo mpya zikapakwa oili chafu ya mashine na kusimamishwa juu ya mawe, zisiguse udongo. Ukuta ukakandikwa, ukaachwa ukauke mpaka mkono ukiuweka hausikii baridi. Chokaa ilikuwa ya mwisho kabisa. Mtu akikupakia chokaa ukuta ungali na maji, amekuuzia shuka la kufunikia mgonjwa. Na nyinyi mkifika kwenye hiyo nyumba yenu, gongeni kuta kwa vidole. Mkisikia mlio wa mtungi mtupu, lipu imekwisha achana na ukuta, inangoja siku yake tu.

Na lile jiko? Walipoondoa bati la kwanza juu yake, ukuta ule wenye tumbo ukalala chini wenyewe, haujaguswa na jembe. Ukaangukia pale pale Mama Zuwena alipokuwa akiketi kukuna nazi. Siku hiyo Mama Zuwena alinyamaza kutwa nzima, jambo ambalo mtaa haukupata kuliona kabla wala baadaye.

Fatiha ikasomwa wingu la kwanza la masika likiwa limekwisha simama. Kidawa akahamia na watu wake wote. Mvua ya mwaka ule ilikuwa ya kusimuliwa, ule ukingo wa mto ulikatika na nyumba ya zamani ikaenda nao, lakini mama yake mzee alilala chumba cha uani, kikavu, akilalamika tu kwamba bati lina kelele.

Mbaruku ndiye aliyepata taabu. Kila akipita mtaani, vijana walimuuliza, “Mzee Mbaruku, umekagua kahawa leo?” Kwa muda aliacha hata kukaa barazani kwa watu. Lakini hakumnunia dada yake. Alikwenda kwake, akakaa uani chini ya paa jipya, akala alichopewa, na hilo likawa msamaha wa pande zote mbili.

Halafu binamu yao mmoja akataka kununua nyumba, akamtuma Mbaruku yule yule. Watu wakacheka. Mbaruku akafika, mwenye nyumba akampokea kwa furaha.

“Karibu, bwana Mbaruku, karibu sana! Kaa, kahawa iko tayari.”

Mbaruku akamwamkia vizuri. Akamuuliza hali yake, ya watoto, ya mifugo na ya jirani, hakuacha neno la adabu hata moja. Kisha akabaki amesimama.

“Mbona hukai?”

“Nitakaa, ndugu yangu. Kwanza waambie wa ndani wajifunike, nipite.”

“Upite? Kwani hapa barazani pana kasoro gani?”

“Hapana kasoro,” akasema Mbaruku, akavua viatu. “Barazani mwamkie mtu, nyumba kaiulize uani.”