Viatu Vilivyotazama Mlango

Nianze? Anza! Nikisahau? Tutakukumbusha! Haya, sogeeni, sauti yangu siku hizi ni ya bawaba kuukuu.

Zamani za kale huko Ulaya kulikuwa na kijimkoa kiitwacho Kastreni, bonde moja na mbuzi wengi. Mimi nimezunguka dunia, nikapotea kila mahali, ila Kastreni hakupoteki: ukikosea njia, umeshatoka nchini.

Dola kubwa likawatawala watu wa huko. Likatawala, likatawala, miaka tisini ikaisha. Kila nyumba ililazimishwa kulaza askari. Kwa Rozalka, mjane mwenye mwana mmoja tu, Tibor, alilala Sajini Ambroz, mkoromaji kama mimi.

Siku moja Tibor akashusha bunduki darini. "Mama, kesho tunaanza. Sajini ndiye wa kwanza."

"Amekula mkate wangu miaka sita!"

"Na tumbo lake linatangaza! Tunataka nchi yetu, mama."

"Naitaka kukushinda. Lakini wao mia nne, nyinyi arobaini. Nani atanirudishia wewe? Nipe hadi asubuhi."

Sasa sikieni desturi ya Kastreni. Mgeni akipitiliza siku, hatukanwi. Viatu vyake hung'arishwa, vikageuzwa vitazame mlango. Akibaki hapo, hata mbwa hamjali. Askari walikuwa watoto wa mabonde jirani, desturi wakiijua. Lakini kwa miaka tisini hakuna aliyewageuzia viatu. Wenyeji waliwaita mabwana, wakasahau kwamba ni wageni.

Rozalka akapita nyumba kwa nyumba. Hodi, akanong'ona, hodi, akanong'ona.

Kulipokucha, Ambroz akaviona viatu vyake vinang'aa, vimetazama mlango. Uso ukamwiva.

"Hata wewe, Mama Tibor?"

"Hata mimi, baba. Mkate wa njiani huu hapa."

Akavaa cha kulia, akavaa cha kushoto, akatoka. Mlango wa pili ukafunguka, wa tatu, wa mia nne. Gavana akafoka dirishani: "Rudini! Ni amri!"

"Mheshimiwa," akajibu Ambroz, "tazama vyako kwanza."

Mpishi wake alikwisha kuvigeuza.

Jioni shuka la Rozalka likapandishwa kuwa bendera. Tibor akairudisha bunduki darini, mzima.

Sisi husema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kastreni walichelewa miaka tisini kwa kumwita mgeni mwenye nyumba. Msichelewe nyinyi.

Kisa nakivulia hapa: kikiwaenea kivaeni, kikiwabana laumuni mguu wangu. Haya, niende... Ala! Nani amevigeuza viatu vyangu?